Kidani Bila Vipuli

Muaither, Doha
13 Januari 2012

Kwa Bi Zubeda, mama mzazi wa Yusufu,

Assalaam alaykum. Kidani ulichomkabidhi Yusufu aje nacho kimefika salama, na nimeona ni wajibu wangu kukujulisha kwa kalamu yangu mwenyewe. Yusufu amenieleza kwamba hupendi mambo makubwa yapite kwenye simu kwa kuwa simu haiachi ushahidi. Katika hilo tumekubaliana kabla hatujaonana. Nilipokuwa kiongozi wa wanafunzi Dar es Salaam, nilikataa kila ahadi ya utawala wa chuo ambayo haikuandikwa na kutiwa sahihi, na wapo wanaonikumbuka kwa chuki hadi leo kwa sababu hiyo.

Kwa kuwa posa ilipokewa hapa Doha nawe miguu ilikuzuia kusafiri, niruhusu nijitambulishe. Mimi ni mzaliwa wa Lindi. Nasoma shahada ya uzamili katika sera za jamii, na ninaishi kwa baba yangu mdogo, Zuberi, ambaye ndiye walii wangu wa ndoa. Utakuwa umeambiwa kwamba nasema sana. Ni kweli. Sioni sababu ya kuliombea radhi jambo hilo, ila naona sababu ya kukutahadharisha mapema.

Kidani ni kizuri, na kukanusha uzuri wake kungekuwa ni uongo. Mawe ya kijani yamepangwa kwa subira ambayo sijaiona katika maduka ya soko la dhahabu la hapa, ambako kila kitu kinang'aa kwa haraka ya kuuzwa. Sanduku lake nalo nimelitazama. Juu ya mahameli nyekundu pana nafasi ya kidani, na chini yake pana vishimo viwili vitupu, vilivyochongwa kwa ajili ya vipuli. Nimeviona. Sina la kuuliza. Nimekirudisha kidani mahali pake bila kukivaa na kulifunga sanduku.

Salamu ulizomwandikia mama yangu kwenye kile kikaratasi kilichokuwa sandukuni nimezipokea kwa niaba yake.

Wako katika heshima,
Mwanahamisi


Tanga
4 Februari 2012

Bibi Mwanahamisi, mkaza mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nikutafute wewe, mara ya pili niutazame mwandiko. Una mwandiko wa hakimu. Nikamwambia jirani yangu, "Huyu akija hapa tutasomewa hukumu kabla ya chai." Akasema bora, maana nyumba hii tangu nibaki mjane haina wa kubishana nami.

Umesema hukukivaa. Basi nikuambie habari zake, ukivae ukijua. Marehemu mume wangu alikuwa sonara, mwana wa sonara, na baba yake alishuka hapa Tanga kutoka Kachi, kule Uhindini, na mfuko wa vyombo vya kufulia dhahabu. Kidani hicho alikitengeneza macho yalipokuwa bado hayajamwacha. Alisema ni cha mke wa Yusufu, na Yusufu wakati huo alikuwa mtoto anayelia akikatwa kucha.

Kidani kipana kinacholala karibu na koo hakipendi vipuli vifupi. Ukivivaa vidogo, uso unaonekana umezama, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Kinataka vipuli virefu vinavyoshuka hadi usawa wa taya na kucheza unapogeuza kichwa. Mkufu mrefu wa kufika kifuani ndio unaotaka vipuli vifupi. Na usije ukadhani lazima vifanane na kidani kama pacha. Wauzaji wa siku hizi wanauza kila kitu kimefanana, maana ni rahisi kukitoa kwenye mashine. Mume wangu alikuwa akisema vipuli na kidani vifahamiane tu: tone moja la kijani mwisho wa kipuli linatosha. Vile vya umbo la kengele ndivyo ninavyovipenda mimi, lakini hapo si mahali pangu pa kusema.

Vipuli ndivyo tunavyovingoja sasa. Mwambie mama asiharakishe, achague kwa nafasi, ila Shaaban, mwezi wa harusi, si mbali na wanawake wa ukoo wetu wameshaanza kuniuliza. Yusufu ananiambia shingo yako ndefu. Nimemwuliza ameionaje na wewe unajisitiri. Akaanza kukohoa kwenye simu.

Nisalimie mama sana. Mwambie nangoja siku tutakayokaa kitanda kimoja tuwasengenye nyie wote wawili.

Mama Yusufu,
Zubeda


Muaither, Doha
22 Februari 2012

Kwa Bi Zubeda,

Barua yako nimeisoma mara moja, na naijibu nikiwa nimetulia, kwa kuwa hasira hunipotezea hoja.

Nimefunzwa kutafuta katika kila andiko mahali linapodai kitu. Katika andiko lako mahali hapo panaonekana bila taabu: vipuli ndivyo mnavyovingoja. Nauliza, basi. Tangu lini bibi harusi akadaiwa dhahabu? Katika dini tunayoishiriki mimi na wewe, mahari hutoka kwa mume kwenda kwa mke, nayo ni haki yake peke yake, haiguswi na baba wala mjomba. Najua kuna nchi ambako mzigo huo uligeuzwa ukawekwa kichwani kwa wazazi wa binti, na nimesoma walivyouawa wanawake kwa sababu seti haikukamilika. Sikutarajia kuukuta mzigo huo ukija kwangu kutoka Tanga, umefungwa kwa maneno matamu kuhusu taya na matone ya kijani. Ulinitumia nusu ya seti, ukaacha vishimo viwili ili nione aibu kila nikilifungua sanduku. Nilipokaa kimya ukanikumbusha kwamba wanawake wa ukoo wenu wanauliza. Wanauliza nini? Kama msichana wa Lindi anayo dhahabu?

Hilo ningeweza kulijadili kama hoja. Lakini hukuishia hapo. Mama yangu amefariki, Bi Zubeda. Yuko kaburini Lindi, huu ni mwaka wa sita. Salamu zako za kwanza nilizichukulia kuwa ni za mazoea ya kalamu nikazimeza. Safari hii umeandika nimwambie achague kwa nafasi. Unamtuma marehemu kwa sonara?

Sanduku nimemrudishia Yusufu jana. Nilikwenda kwa basi hadi mtaa wa The Pearl, nikamngoja nje ya mgahawa anakofanyia kazi mpaka alipotoka na vesti yake ya kazi. Nilimwambia, "Mpelekee mama yako."

Akasema, "Mwana, mimi kazi yangu ni kubeba sahani. Sahani ikianguka inafagiliwa. Haya mnayonibebesha nyie wawili yakianguka nitayafagia na nini?"

Nikamwambia, "Basi yaweke chini taratibu."

Hakucheka. Alilishika lile sanduku kama abiria aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Ndoa nimeisimamisha. Sikusema nimeivunja, nayachagua maneno yangu. Nasubiri kusikia kwamba nitaingia katika nyumba yenu nikiwa mtu kamili pasipo kukamilishwa na dhahabu ya mtu yeyote, wala kudaiwa kupitia kwa mama yangu. Nikilisikia hilo, tutaendelea. Nisipolisikia, nitaendelea na masomo yangu.

Mwanahamisi


Tanga
12 Machi 2012

Mwanangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mama yako, amnurishie kaburi lake. Rambirambi hii imechelewa miaka sita, nami sina pa kuificha aibu yangu. Barua yako iliponifikia nilikaa nayo jikoni mpaka wali ukaungua. Kisha nikampigia Yusufu simu, mimi nisiyependa simu.

Nilimwuliza, "Ulipomposa mtoto huyu, uliniambia nini juu ya wazazi wake?"

Akasema, "Nilikwambia baba yake ni marehemu na mama yake hayupo."

"Hayupo! Hayupo wapi?"

"Hayupo, mama."

"Mimi nikienda sokoni sipo. Baba yako yuko makaburini, hukusikia hata siku moja nasema hayupo, nasema marehemu. Umenitajia mmoja marehemu na mwingine hayupo. Mimi nielewe nini?"

Halafu akasema, "Ndivyo anavyosema mwenyewe. Sijawahi kumsikia akisema neno lile jingine. Niliona si haki yangu kulitangulia."

Mwanahamisi, hapo nikashindwa kumgombeza.

Basi mimi nilidhani mama yako yuko Lindi, au Muscat, au popote anapotafuta riziki. Salamu zangu nilizituma kwa mtu hai. Lakini nawe nikuulize bila ukali. Ulipoandika kwamba umezipokea salamu kwa niaba yake, ulitaka nielewe nini? Umeniandikia ukurasa mzima juu ya ahadi zisizoandikwa, na jambo hili moja hukuliandika.

Sasa kuhusu vipuli. Hukuambiwa, na mimi nilidhani mama yako ataulizia, maana wamama huuliziana mambo haya. Ni desturi ya nyumba yetu, sisemi ni ya Wahindi wote wala ya Waislamu wote. Upande wa mume hutengeneza kidani. Vipuli huletwa na mama wa bibi harusi. Si kwa thamani. Mke wa shemeji yangu mmoja alikuja na vipuli vya shaba vyenye shanga, akavaa na kidani cha dhahabu, na hakuna aliyenyanyua nyusi. Mama mkwe wangu alinieleza hivi: shingo tunaipamba sisi kwa kuwa tumekuita kwetu, lakini masikio ni ya aliyeyatoga. Mama ndiye aliyemshika mtoto akalia, akamfunga uzi, akampaka mafuta hadi tundu likapona. Kwa hiyo kinachoning'inia hapo anakichagua yeye, na bibi harusi akiingia kwetu anaingia na neno la mama yake karibu na uso wake. Vile vishimo viwili ni nafasi ya mama yako. Viliachwa vitupu kwa heshima.

Kama nilikutia aibu, nisamehe. Naomba jambo moja tu. Niambie jina lake, na vipuli alivyokuwa akivaa vilikuwaje: virefu, vya duara, vya mwezi mchanga? Shemeji yangu bado anafua dhahabu. Atatengeneza mfano wake, visemwe ni vya mama yako, na hakuna atakayediriki kusema upande wako haukuja.

Sanduku liko kwa Yusufu. Nimemwambia asithubutu kulileta Tanga.

Zubeda


Muaither, Doha
2 Aprili 2012

Kwa Bi Zubeda,

Nimejaribu kukujibu mara kadhaa na kila mara nikakuta ninaandika hotuba. Hii siyo hotuba.

Ni kweli. Neno "hayupo" ni langu. Nimesimama mbele ya askari wa kutuliza ghasia nikataja kila dhuluma kwa jina lake, nikawafundisha wenzangu kwamba anayeogopa neno amekwisha kushindwa. Neno "marehemu" nikaliacha nje ya mlango. Yusufu alilijua hilo kabla yangu. Nimemwomba radhi. Tulikuwa sebuleni kwa baba mdogo, naye baba mdogo akajifanya anatafuta rimoti kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta rimoti.

Jina lake lilikuwa Tausi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu kuliko baba yangu, na hilo halikumpendeza baba. Unaniuliza alivaa vipuli gani. Hakuvaa. Na hapa lazima nikueleze jambo ambalo Yusufu hawezi kukueleza kwa kuwa hijabu humficha hata yeye: masikio yangu hayajatogwa.

Mama alitogwa akiwa mchanga kama wasichana wote wa mtaa wake, na tundu moja lilitunga usaha likabaki na kovu gumu. Nilipozaliwa, bibi yangu alikuja na sindano na uzi. Mama alimzuia mlangoni. Alisema mwili wa mtoto si shamba la watu kupanda alama zao, na kwamba atakapotaka atasema mwenyewe. Bibi hakukanyaga kwetu mwaka mzima. Madrasa walinicheka, waliniita dume. Nilirudi nalia, na mama akanipa jibu lile lile kila mara: "Siku utakayotaka, utaniambia." Sikumwambia. Kwanza kwa ukaidi, baadaye kwa itikadi, maana niligeuza masikio yangu kuwa hoja na hoja ile ilinipatia makofi mengi katika kumbi za chuo. Halafu akaugua.

Kwa hiyo hakuna mfano wa kumpa shemeji yako. Desturi yenu ni nzuri kuliko nilivyoishtaki, na naifuta hati yangu ya mashtaka. Lakini haina mahali pa mtu kama mimi. Mnasema masikio ni ya aliyeyatoga. Yasiyotogwa ni ya nani?

Naogopa jibu lako, na ni haki uijue hofu hiyo. Nataka kuolewa na Yusufu. Nataka kuingia kwenu. Sitaki kuingia kwa kumfanya mama yangu aonekane hakunijali.

Mwanahamisi


Tanga
23 Aprili 2012

Mwanangu Mwanahamisi,

Swali lako nilitembea nalo siku nyingi. Nimelipeleka hadi kwa kaburi la mume wangu, naye, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hai, hakunisaidia kitu.

Nitakuambia kwanza yanayowezekana, maana mimi ni mke wa sonara na hujifariji kwa vitu vya kushikika. Kuna wanawake wa kwetu ambao ndewe za masikio yao zimechanika kwa uzito wa miaka, wala hakuna mgeni anayejua. Kipuli kirefu hutundikwa kwenye mnyororo mwembamba, mnyororo ukapanda juu ya sikio ukashikwa nyweleni kwa pini. Uzito wote unabebwa na nywele. Kuna vingine hulikumbatia sikio zima kama jani, havihitaji tundu. Nikikuvika hivyo, hata wifi zangu wenye macho ya polisi hawatajua. Huo ni msaada ninaoweza kukupa kwa mikono yangu.

Au uvae kidani peke yake. Shingo ndefu inakibeba. Kidani kipana na masikio matupu ni pambo la mtu anayejiamini. Nimeliona mara moja tu maishani na sijalisahau. Watasema mama yako hakuleta kitu. Nitawajibu kwamba aliyaleta masikio yenyewe, mazima. Nitawajibu mpaka wachoke.

Lakini lipo lililonikalia kooni. Nimetoga masikio ya watoto wengi hapa mtaani, binti zangu, binti za jirani, wanaletwa kwangu kwa kuwa mkono wangu mwepesi. Wanalia, nawapa peremende. Sikumwuliza hata mmoja. Wala sijui kama kuwauliza kungekuwa na maana kwa mtoto wa siku saba. Mama yako aliona jambo ambalo mimi na sindano yangu hatukuliona, nami sikubaliani naye lote, ningependa sana tungebishana. Wawili sisi tungeichosha Tanga nzima.

Yasiyotogwa ni ya nani, umeuliza. Mimi nadhani ni yako. Kwa hiyo sasa nakuuliza wewe, na nitakubali jibu lolote: unataka nini?

Tiketi yangu imekatwa. Nitafika huko Doha mwanzoni mwa Juni, miguu ipende isipende.

Zubeda


Muaither, Doha
11 Mei 2012

Mama,

Nimezipima njia zako zote mbili kwa uadilifu, kama ninavyopima hoja za mpinzani ninayemheshimu. Mnyororo wa nyweleni ni werevu mkubwa, na nimeuona dukani. Nilimwomba muuzaji aniwekee juu ya hijabu, nikajitazama kwenye kioo. Nilipendeza. Lakini nilikuwa naficha kitu ambacho mama yangu hakuwahi kukificha. Nikaondoa.

Kidani peke yake kingenifaa zaidi. Kinafanana na msimamo wangu. Ningesimama kichwa juu na wageni wangenitazama. Karibu nikichague. Kisha nikajikamata nikiandaa maneno ya kuwaambia, nikatambua kwamba nilikuwa napanga maandamano, si harusi.

Hakuna aliyewahi kuniuliza, Mama. Bibi alitaka kutoboa, mama akazuia, madrasa wakacheka, chuoni wakapiga makofi. Mama yangu peke yake aliacha mlango wazi, nami nikachelewa kuupita. Siku utakayotaka, utaniambia. Nimekuwa na neno hilo na sina wa kumwambia. Wewe umeuliza, basi nakuambia wewe: nataka.

Njoo na sindano yako. Nitogee hapa Muaither, mchana, mlango ukiwa wazi, baba mdogo akitaka kukimbia akimbie. Najua matundu hayatapona kabla ya Shaaban na kwamba vipuli virefu vingeyararua. Sivitaki siku hiyo. Nitavaa kidani cha mumeo na uzi mweusi masikioni, uzi ule ule unaowafunga watoto, na mafuta yakionekana yaonekane. Vipuli nitavichagua baadaye, polepole, nikishakuwa na masikio ya kuvichagulia. Yusufu nimemweleza. Ameuliza kama naye atakuwa na la kubeba. Nimemwambia abebe peremende.

Wifi zako watauliza kwa nini bibi harusi ana uzi. Nakuomba, pamoja na mapenzi yako yote na ulimi wako wote, usinijibie. Nitawajibu mwenyewe. Nitawaambia mama yangu ni marehemu.

Mwanao,
Mwanahamisi